Barua za Baba

Jumatatu, 9 Mei 2005

Daktari kasema moyo umechoka. Hakuniambia mimi. Alimwambia binti yangu Jesca pale mlangoni, akidhani na masikio yangu nayo yamechoka. Miezi michache, alisema. Labda hadi vuli.

Nina miaka sabini na sita. Miezi sigombani nayo. Ninachogombana nacho ni barua.

Tangu katikati ya Machi nimemwandikia Evance mara tatu. Mtoto wa marehemu dada yangu Angelina, mpwa wangu wa pekee, anafundisha Botswana. Namwomba aje. Nina neno la kumwambia uso kwa uso kabla sijazikwa. Hajajibu hata mstari. Evance! Aliyekuwa akijibu siku hiyohiyo. Namba yake ya simu iko kwenye simu ya Jesca, na Jesca anasema haipatikani.

Na leo tena kompyuta imenifanyia vile. Ni ile iliyokuwa ya ofisini kwa Richard, mume wa Jesca. Aliileta mwaka jana walipohamia hapa kwangu kuniuguza, akaiunganisha na simu ya mezani. Kwenye kioo kuna alama ya bahasha, chini yake ameandika "Barua za Baba" nisihangaike kuandika anwani ndefu. Nabonyeza. Unakuja ukurasa wa kuingilia. Naandika jina, naandika neno la siri kwa kidole kimoja. Kioo kinakuwa cheupe. Halafu—ghafla!—ukurasa mwingine kabisa: mwanamke wa Kizungu anacheka, noti zinamnyeshea, ameshinda bahati nasibu. Mimi pia nimeshinda, anasema. Sekunde chache, kisha narudishwa mlangoni. Andika tena jina. Andika tena neno la siri. Mara ya pili nafunguliwa.

Ndani, hamna kitu kutoka kwa Evance.

Jumatano, 11 Mei

Mkono unatetemeka, nilidhani nakosea herufi. Lakini nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Sikubali dhana bila kuijaribu.

Nimeingia na kutoka mara kumi, Jesca akiwa sokoni. Nilibonyeza herufi mojamoja huku nikizisoma kwa sauti. Mara kumi nikarushwa kwa yule mwanamke, mara kumi nikarudishwa. Kosa la mkono halina nidhamu hiyo.

Nikafungua ukurasa wa gazeti. Haukuruka. Nikafungua wa hali ya hewa. Haukuruka. Ni mlango wa barua tu.

Jioni nikamuuliza Richard. Kijana mpole, hanyanyui sauti. Ndiye fundi wa kompyuta ofisini kwao. Akacheka: baba, hivyo ni virusi vya matangazo tu, intaneti yetu ndivyo ilivyo. Ukirushwa, andika tena, itafunguka. Usiuchoshe moyo.

Jesca akaniletea maji ya moto ya miguu. Ananiosha mwenyewe, hamwachii mtu. Miguu imevimba kama mihogo. Akasema, "Baba, achana na hiyo kompyuta. Evance ana maisha yake huko."

Alhamisi, 12 Mei

Pumzi fupi leo. Nimeshindwa kufika hata barazani.

Niandike jambo moja, nisije nikafa nikijifanya mtu mwema hata humu ndani ya daftari. Lile shamba la juu ya Matombo, lenye chemchemi, si langu. Hati ina jina langu. Si langu.

Nitaeleza nikipata nguvu.

Jumatatu, 16 Mei

Siku ya kliniki. Jesca alinipeleka kwa teksi, akaniacha kwenye foleni, akaenda benki. Daktari alimaliza nami mapema. Nikavuka barabara polepole, nikishika kila nguzo, hadi kwa Shadia.

Shadia ana duka la intaneti, kompyuta sita na feni moja. Mzigua wa Turiani, mama wa watoto wanne, na mtani wangu kwa hiyo hana heshima hata kidogo. Nilipoingia tu:

"Heee! Mluguru ameshuka mlimani! Ndizi umeziweka wapi, babu?"

Nikamwambia nimezificha, Wazigua wezi.

"Shikamoo basi, mwalimu. Kaa. Usinifie humu dukani, sina pesa ya sanda."

Nikamweleza. Akanipa kompyuta ya mwisho, karibu na feni. Akaniandikia anwani mwenyewe. Nikaweka jina, nikaweka neno la siri. Ikafunguka! Mara moja. Hakuna mwanamke, hakuna noti. Nikatoka, nikaingia tena. Mara tano. Safi mara tano.

Nikamwambia: basi ugonjwa hauko kwenye barua, wala kwenye intaneti. Uko kwenye ile mashine ya nyumbani.

Akanitazama. "Nyumbani unaingilia wapi? Unaandika anwani au unabonyeza?"

Nabonyeza bahasha.

"Nani kaiweka hiyo bahasha?"

Mkwe wangu.

Shadia hakucheka. Mara ya kwanza kumwona mtani yule akikosa utani. Akachukua karatasi, akaniandikia hatua kwa herufi kubwa: nisiguse bahasha, niandike anwani mwenyewe, nione kama itaruka. Halafu niibonyeze bahasha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nisome inaelekeza wapi, na ilitengenezwa lini.

"Na ukishafika mlangoni, angalia juu, babu. Si katikati. Mtu akikukaribisha ndani soma kwanza namba ya nyumba."

Herufi za juu ni ndogo. Sijawahi kuzisoma. Miwani yangu ni ya mwaka tisini na tisa.

Jumanne, 17 Mei

Nimeandika anwani kwa mkono. Haikuruka.

Nimebonyeza bahasha. Imeruka.

Nimesoma juu kwa lenzi ya kusomea ramani. Anwani si ileile. Inafanana mwanzoni, kisha inafuata mkia mrefu wa majina nisiyoyajua. Ukurasa ni uleule kwa rangi, kwa maneno, kwa kila kitu. Umeigizwa. Natoa neno langu la siri kwa mwigizaji, naye akishalipokea ananisukuma kwenye mlango wa kweli, ndiyo maana naulizwa mara mbili.

Na ile bahasha imetengenezwa upya tarehe 12 Machi mwaka huu, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Nimerudi kwenye daftari hili kuitafuta hiyo tarehe. Jumamosi. Nimeandika hivi: "Jesca kaniletea uji barazani, kakaa nami asubuhi nzima, tumeongea habari za utoto wake. Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Richard yuko ndani, anatengeneza printa."

Siku nzuri kuliko zote.

Ijumaa, 20 Mei

Nimedanganya kwamba nakwenda kupima damu. Sijui kudanganya, jasho lilinitoka—lakini Jesca alikuwa na haraka, akaniitia teksi.

Nikamwonyesha Shadia niliyoyanakili. Akasoma ile anwani yenye mkia, akapiga mluzi. "Mwizi wako bahili, babu. Kajenga kibanda chake kwenye kiwanja cha bure. Viwanja vya bure ndivyo vinavyorusha matangazo. Angelipia hela kidogo tu usingegundua mpaka kiama."

Tukaingia kwenye sanduku langu la barua. Hakuna kitu, kama kawaida. Shadia akasema tutazame pipa la taka. Kulikuwa na barua moja. Ya Evance. Ya tarehe 14 Mei, Jumamosi iliyopita. Sijawahi kuiona.

"Mjomba, nimekuelewa. Umeniita nije, kisha ukasema mara mbili nisije, kwamba unaumwa na hutaki watu. Sitakuja. Ila hilo la kunipa kipande kidogo cha shamba la mama kama zawadi, sijui nijibu nini. Naona umebadilika. Pumzika."

Na chini ya barua yake, kama zinavyobaki za nyuma, ilikuwapo barua yangu mimi. Yenye jina langu! Kiswahili changu, hata ile tabia yangu ya kuanza na "Mpwa wangu mpendwa". "Mpwa wangu mpendwa, usipoteze nauli. Mimi sina la kukuambia. Shamba nimeamua wanangu waliuze, na wewe nitakutengea robo eka, zawadi yangu kwako."

Zawadi! Hakuna mjomba wa Kiluguru awezaye kuandika hivyo. Kwetu ardhi ni ya lukolo, ukoo unaopita kwa mama. Mtoto wa dada ndiye mwenye shamba, mimi kaka mtu ni mlinzi tu. Kumpa Evance robo eka ya zawadi ni kumvua mtu shati kisha kumpa kifungo. Richard kwao mali hutoka kwa baba, hakujua. Alidhani ananiandikia ukarimu.

Shadia akasema, "Badilisha neno la siri sasa hivi. Sasa hivi! Halafu mjibu." Akavuta kibao cha herufi. Umeme ukakatika. Feni ikazunguka, ikasimama. Tukangoja saa nzima gizani mle dukani, mimi nikihema.

"Njoo kesho, babu. Na nyumbani funga mdomo. Umesikia? Waluguru mna mdomo kama kengele ya mbuzi."

Jumamosi, 21 Mei

Sikufunga mdomo.

Jesca alikuwa akinikata kucha. Alishika mguu wangu mapajani mwake, anakata taratibu, nyusi zimekunjamana kama za marehemu mama yake. Nikasema tu: "Nimeiona barua ya Evance."

Mkasi ukasimama.

Sikutaka kelele. Nilitaka aseme ni Richard peke yake. Nilimwachia nafasi ya kusema hivyo—nilingoja. Angesema, ningeamini. Naapa ningeamini.

Akasema, "Barua za kujibu niliziandika mimi. Richard kafungua mlango tu. Yeye hajui wewe unaandikaje."

Kisha akaendelea kukata kucha! Ukucha wa kidole kidogo. Akaumaliza.

Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini? Akaniangalia usoni, machozi hayakuwapo. "Baba, nilikuwa darasa la saba. Ulinipandisha Matombo, ukanisimamisha juu ya chemchemi, ukasema: Jesca, hili lote ni lako, hakuna wa kukufukuza. Ulisema au hukusema?"

Nilisema.

"Watu wa maji ya chupa wanalitaka. Hati ina jina lako. Nimekuosha miguu miezi kumi na nne. Evance kakuosha lini? Leo unataka kumwita umpe changu."

Nilikuwa na jibu moja tu, na hilo Jesca halijui. Sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Jumapili, 22 Mei

Padre Mikaeli alikuja na komunyo ya wagonjwa. Nimekataa kupokea. Akasema, "Mwalimu, kama kuna dhambi, nipo, nisimulie." Nikamwambia kuna mtu mwenye haki ya kuisikia kabla yako. Akakaa kidogo, akala ndizi mbili, akaondoka.

Basi niandike.

Mke wangu alikuwa mtu wa Tukuyu. Mtoto wa mama asiye wa huku hana lukolo milimani. Jesca hana pa kulima, hana pa kuzikwa, hana shina. Mimi mwenyewe mwalimu wa mshahara. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, kila mwenye akili anakimbilia hati: maofisa, wafanyabiashara, walimu wenzangu. Nikaona mbele. Nikaona siku nitakayokufa na binti yangu akiambiwa ashuke mlimani.

Mwaka themanini na nane, mwezi wa nane, nikapanda kwa Angelina na karatasi. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye shamba, kwa mama yetu na kwa bibi yetu. Hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyepelekwa shule, yeye akabaki kulima ili ada yangu ipatikane. Nilibeba kidau cha wino kutoka shuleni. Alikuwa anamenya magimbi. Akajifuta mkono, akanipa dole gumba kama mtu anavyompa kaka yake.

Akauliza, "Kaka, inasemaje?"

Nikasema, "Inasema hakuna mgeni atakayetunyang'anya."

Ilisema anahamisha haki zake zote kwangu, kwa hiari, yeye na uzao wake.

Akafurahi. Akanifungashia magimbi nirudi nayo mjini. Nikayabeba. Nikayala.

Alikufa mwaka tisini na sita akiwaambia watu kaka yake msomi ndiye ngao ya ukoo. Hata mndewa wetu, mzee wa ukoo, alinisifu kaburini.

Sasa nimeiandika. Nilidhani itakuwa ndefu zaidi.

Jumatatu, 23 Mei

Neno la siri limebadilishwa. Bila shaka! Nilijaribu kwa Shadia, mara tatu likakataa, mara ya nne sanduku likajifunga lenyewe.

Shadia aliponisikia nimemwambia Jesca akajipiga paji la uso. "Babu! Umemkamata mwizi, ukamwomba ruhusa ya kubadilisha kufuli!"

Nikamwambia ni mwanangu.

"Ndiyo maana nakuambia mimi. Ndugu zako hawawezi kukuita mjinga, mimi nimepewa kazi hiyo na mababu. Mjinga wewe." Kisha akaniletea soda. Akanifungulia sanduku jipya. Neno la siri akaniambia nilichague yeye akiwa ameangalia ukutani, na kweli akageuka.

Anwani ya Evance ninayo kwenye daftari. Nikamwandikia kwa kifupi: zile barua hazikuwa zangu, sanduku langu limetekwa, njoo haraka, au nijibu hapa.

Nimerudi nyumbani. Sijui nilipandaje ngazi. Jesca alinipokea begi. Chakula cha jioni alikileta kwa wakati, vidonge kwa wakati.

Alhamisi, 26 Mei

Sikuweza kwenda. Shadia kaja mwenyewe, kabeba sahani ya vitumbua kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Jibu kalichapa, kalikunja ndani ya kanga. Tulingoja Jesca aende jikoni.

Evance hanisadiki.

"Sikujui. Mjomba ana anwani yake, na ameniandikia humo jana tu kwamba matapeli wanatumia jina lake. Lakini sikufichi, barua zake nazo zimenitia shaka. Mjomba wangu hawezi kunipa zawadi ya shamba la mama yangu. Kwa hiyo sijui nani ni nani. Kama wewe ndiye, niambie: siku tuliyomzika mama, mjomba alinichukua pembeni nyuma ya nyumba, tukiwa wawili tu. Alinishika wapi, na aliniambia nini? Hilo sijamsimulia mtu."

Nilisoma mara mbili. Shadia akaniuliza, "Unakumbuka?"

Nakumbuka! Nitasahau jina langu kabla ya hilo.

Ijumaa, 27 Mei

Nimeenda. Nilimwambia Jesca wazi: nakwenda kwa Shadia, kumwandikia Evance. Akasimama mlangoni na ufagio. Nilidhani atanizuia. Akasema, "Vaa sweta, Baba." Sauti ilikuwa imekatika katikati. Nimeibeba hiyo sauti njia nzima.

Teksi haikuweza kufika mlangoni pa Shadia, barabara imechimbwa. Nikatembea hatua sitini. Nilizihesabu, nikipumzika kila baada ya kumi.

Mara hii nilisoma anwani ya juu kwanza, herufi kwa herufi.

Nilidhani barua hii nitamwandikia kwa utangulizi. Nilikuwa nimeipanga miaka: niombe radhi kwanza, nieleze habari ya Jesca na mama yake wa Tukuyu, nieleze miaka ile ilivyokuwa, halafu mwishoni, kwa upole, jambo lenyewe. Sasa mtoto kaniuliza swali lenye jibu moja. Nikianza na utangulizi ataona tapeli anayetafuta maneno.

Nikaandika hivi:

"Nilikushika sikio la kushoto, kama nilivyokuwa nikikushika ulipokuwa mtoto. Nikakuambia: usilie, karatasi ya mama yako ninayo mimi, shamba ni lako, hakuna atakayeligusa. Nilikudanganya, Evance. Karatasi ninayo, lakini ilikwisha kuchukua shamba lako miaka minane kabla. Mama yako aliweka dole akiamini maneno yangu. Sikumsomea ilivyoandikwa. Mimi ndiye. Hakuna mtu mwingine duniani awezaye kukuandikia haya. Njoo nikusainie lirudi, ningali na mkono."

Shadia alikuwa amekaa karibu. Sikumwomba ageuke. Alisoma, nilimwona akisoma. Nikangoja anitukane, ana haki.

Akasema, "Bonyeza, babu."

Nikabonyeza. Ikaenda.

Hakunitania hata kidogo mpaka teksi. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Jumatatu, 30 Mei

Kitandani siku ya tatu. Mto umeinuliwa, naandikia kifuani, mistari inapanda mlima.

Nimemwambia Jesca jana. Yote: magimbi, wino, dole. Nilidhani atalia au atanipiga. Aliuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo siku ile juu ya chemchemi, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akatoka. Alirudi uso mkavu, akabadilisha shuka. Leo kaniosha miguu lakini hajaniita Baba tangu asubuhi. Anasema "inua", "geuka", "kunywa".

Nimemwibia huyu pia. Nilimpa kisichokuwa changu, akakipenda.

Mchana Richard kaja na mkataba wa watu wa maji. Watakuja Alhamisi. Mpole vilevile. Nisaini hapa na hapa. Nikamwambia mkono hauwezi. Akatoa mfukoni kidau kidogo cha wino, cha bluu. "Baba, mkono ukikataa, dole gumba linatosha. Sheria inaruhusu."

Nikakunja ngumi. Sina nguvu ya kunyanyua kikombe, lakini ngumi niliikunja, akashindwa kuifungua bila kuniumiza. Hakutaka kuniumiza. Akaifunika kwa shuka. "Tutajaribu kesho, Baba."

Jesca alikuwa amesimama nyuma yake. Hakumsaidia. Hakumzuia.

Jumanne, 31 Mei

Asubuhi. Mvua imebaki juu mlimani, huku kwetu jua. Pumzi ni ya kukopa.

Kuna mtu kabisha hodi. Sauti ya Shadia! Haikusema utani, ilisema hodi tu. Richard kesha kwenda kazini. Jesca ndiye kafungua.

Nawasikia. Dirisha la chumba changu linatazama baraza, pazia limeshushwa.

Shadia kasema kaniletea karatasi.

Jesca: "Amelala. Niachie, nitampa."

"Simwachii mtu. Karatasi ya mtani anapewa mtani."

"Dada Shadia, baba yangu anakufa. Ukiwa na jambo niambie mimi."

"Najua anakufa. Na mimi ndiye nitakayejipaka majivu siku hiyo na kuwatania nyote msibani. Leo nipishe."

Nimeita. Nimeita Jesca, nimeita Shadia, sauti haifiki hata kwenye pazia. Nimegonga kikombe kwenye ukingo wa kitanda, kimeanguka kwenye mkeka. Hakikulia.

Jesca anasema kitu cha chini. Nadhani kauliza, "Ni ya Evance?"

Jesca tena, safari hii nimesikia vizuri: "Anakuja, au haji? Niambie hilo tu."

Kuku wanaparua nje.

Shadia kasema, "Sijaisoma. Sikuweza. Nimechapa nimefumba macho. Soma wewe, basi, kama utaweza kuingia humo ndani ukamsomee ilivyoandikwa."

Nasikia karatasi inakunjuliwa. Nasikia viatu vya mtu mmoja vinashuka ngazi za baraza, vinaondoka. Vya mwingine vimesimama palepale. Anasoma. Anachukua muda mrefu—ni barua ndefu, au anairudia. Sasa Jesca kavua ndala. Anakuja huku pekupeku, anapita sebuleni, kafika kwenye mlango wangu. Naona vidole vya miguu yake chini ya pazia la mlango. Haingii bado.